Nguo Iliyolala Nje

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa dukani nikarudi kuuliza nimetumwa nini, kulikuwa na jambo moja ambalo mtaani kwetu Timbwani halikusahauliwa na mtu yeyote: nguo za mtoto mchanga hazilali nje. Jua likianza kushuka, kabla mwadhini hajajikohoza kwenye kipaza sauti, kila mwenye mtoto alitoka uani kuanua. Mashuka yangeweza kubaki kwenye kamba. Suruali ya baba ingeweza kulowa umande mpaka asubuhi, naye akaivaa hivyo hivyo akaenda kazini akinung'unika. Lakini nguo za mtoto ambaye bado hajatembea ziliingizwa ndani, ziwe kavu ziwe mbichi. Zikiwa mbichi zilianikwa juu ya viti, juu ya mlango, juu ya redio, na nyumba nzima ikanuka sabuni ya mche.

Kulikuwa na ndege, tuliambiwa, anayepita juu ya nyumba za watu wakati kiza kinaingia. Kivuli chake kikimwangukia mtoto, au kikiangukia nguo ambayo mtoto ataivaa kesho, basi mtoto huyo atapatwa. Atakaza mwili, macho yatageuka juu kumtafuta huyo ndege, na mikono itapigapiga kama mbawa. Wengine huuita ugonjwa huo degedege. Nyanya yangu mzaa mama hakupenda hata neno hilo lisemwe ndani ya nyumba. Yeye alisema "wa juu", kwa sauti ya chini, kisha akavuta audhubillahi.

Na kulikuwa na sharti la pili, zito kuliko la kwanza. Mtoto aliyepatwa na wa juu hadungwi sindano. Sindano humtoboa, na roho hutokea papo hapo palipotobolewa. Hili halikuwa jambo la kusikia tu. Kila mtaa ulikuwa na mtoto wake wa kutolea mfano, na mama yake ukaonyeshwa: yule pale, wa kwake alipelekwa hospitali akadungwa, hakuiona jioni.

Nayaeleza haya bila kucheka, ingawa mimi ni mwalimu wa sayansi, na sisi walimu wa sayansi tuna tabia mbaya ya kucheka mapema.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, imepigwa plasta upande wa mbele tu, ule unaoonwa na wageni. Baba alitunza bustani katika hoteli moja Shelly Beach, na alijua majina ya maua ambayo hakuna mtu Timbwani aliyeyataka. Mama alikuwa mwanamke mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulia, na vyote viwili alivifanya kwa sauti. Nyanya aliishi nasi. Na alikuwepo Halati Mwanamisi, mdogo wake Mama, msichana aliyekuja kumsaidia dada yake alipojifungua na, kama ilivyo ada, hakurudi alikotoka.

Aliyezaliwa alikuwa ndugu yangu Bakari. Alipewa jina la babu mzaa baba, na kwa kuwa Mama hakuweza kulitamka jina la mkwewe, alimwita Bwana Mdogo. Sote tukafuata. Alikuwa mtoto mnene, ameshaweza kukaa bila kuegemezwa, na alikuwa na tabia ya kumshika mtu pua akaivuta kwa makini kana kwamba anaikagua.

Halati alishona makuti ya kuuza, yale ya kuezekea mahoteli. Alikaa kwenye kigoda uani, miguu ameinyosha, anakunja ukuti juu ya ufito na kuushona, anakunja na kushona, na Bwana Mdogo yuko mgongoni kwenye leso amelala. Mtoto alizoea ule mchakacho wa makuti hata ikawa Halati akipumzika, yeye huamka. Mama alikuwa akimtania mdogo wake, "Huyu ni wako, Mwanamisi. Mimi nimekubebea tumbo tu." Halati alicheka akainamisha uso, kwa sababu wakati ule na yeye alikuwa karibu kuwa na nyumba yake. Kijana mmoja wa Mtongwe alikuwa ameleta posa.

Masika ya mwaka ule yalikuwa ya kuchosha. Nguo zilikaa na unyevu mpaka zikaota vidoa vyeusi. Siku moja jua likatoka mchana, na Halati akaanika kila kitu kilichokuwa kinanuka, kamba ikajaa mpaka nyuma ya choo. Alasiri ile ile, bila kubisha hodi mapema, wakaja dada zake yule kijana wa Mtongwe. Hawakuwa na jambo. Walikuja kuona, kama wanavyokuja, kama nyumba imefagiliwa na kama msichana anajua kumkaribisha mgeni. Nyumba yetu ikaingia wazimu. Nyanya alitoa vikombe vya sanduku. Halati alikaanga kaimati huku jasho linamtiririka. Mimi nilitumwa sukari nikarudi na chumvi, nikatumwa tena, na hata leo Mama akitaka kunichekesha hunikumbusha chumvi ile.

Wageni walikaa mpaka baada ya magharibi. Walipoondoka, mkubwa wao alimshika Halati kidevu, akasema, "Inshallah utakuwa wetu." Tuliingia ndani tukiwa na furaha ya kelele. Nguo za mtoto zilikuwa zimeanuliwa, sote tuliona zimerundikwa kitandani.

Asubuhi Mama alikwenda choo akarudi na fulana ndogo ya manjano mkononi. Ilikuwa imelala nyuma ya choo, mwisho kabisa wa kamba.

"Mwanamisi!"

"Abee, dada."

"Hii ni nini?"

Halati aliitazama ile fulana, akaweka kiganja mdomoni. Nyanya aliichukua kwa ncha ya vidole, akaitia katika maji ya majani, akaisomea, akasema isivaliwe tena. Kisha akasema Mungu ni mkubwa, huenda ndege hakupita. Lakini nilimwona Mama siku ile yote akimfungua mtoto na kumtazama, akimfunga na kumfungua tena.

Hazikupita siku tatu Bwana Mdogo akachemka mwili.

Ilikuwa Jumamosi, sikwenda shule, na mambo haya niliyaona mwenyewe. Asubuhi alikataa titi. Baba alikuwa ameshakwenda kazini. Jua lilipopanda kidogo nilimsikia Mama akipiga ukelele wa aina ambayo sikuwahi kuisikia, nikakimbilia chumbani. Mtoto alikuwa amekakamaa mapajani mwake kama kipande cha ubao, macho yamegeuka yote meupe, mikono inapigapiga. Ilikuwa vile vile walivyotuambia. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba ilikuwa vile vile.

Nyanya hakupiga kelele. Alitoa kifurushi chake chini ya godoro, mavi makavu ya ndovu na majani ninayoyajua harufu yake lakini siyajui majina, akayatia katika chetezo chenye makaa, akamfukiza mtoto chini ya leso. Moshi ulijaa chumba tukakohoa sote. Na mtoto akatulia. Mwili ukalegea, macho yakarudi mahali pake, akavuta pumzi. Mama alilia kwa shukrani akaibusu mikono ya mama yake.

Mama Kevin akaja mlangoni. Alikuwa mama wa bara, amepanga chumba kimoja ng'ambo ya njia, na mumewe alikuwa kibarua. Alimgusa mtoto shingoni kwa upande wa nyuma wa mkono.

"Mama Mwanaidi, huyu mtoto ako na malaria. Anachomeka. Twende naye hospitali saa hii, mimi nitakusindikiza."

"Ahsante, dada," Mama akamjibu kwa adabu. "Huyu hawezi kudungwa."

"Si watampatia dawa tu ya—"

"Hadungwi," Nyanya akasema. Mama Kevin alikaa kidogo, akaondoka. Nadhani aliona kuwa ni mambo ya wenyeji, na yeye alikuwa mpangaji.

Hapo Halati aliyekuwa amesimama kando ya mlango tangu asubuhi akasogea. Hakuwa amemgusa mtoto siku ile. Alipiga magoti mbele ya Mama.

"Dada, nipe nimpeleke. Nitambeba mimi. Nikipita kwa miguu si mbali. Nipe, dada yangu."

Sisahau alivyojibiwa. Mama hakupaza sauti, yeye ambaye alipaza sauti kwa kila kitu.

"Usimguse mwanangu. Ushamuua kwa nguo, sasa wataka kummaliza kwa sindano?"

Halati aliinuka. Alitoka nje bila viatu, na mimi nilidhani amekwenda kulia. Kumbe alishika njia ya Shelly Beach kumwita Baba.

Adhuhuri mtoto akapatwa tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Moshi ukafukizwa, akatulia, lakini hakufungua macho vizuri. Nyanya akamwogesha vuo, yale maji ya dawa yaliyochemshwa katika chungu, akamfunga kitambaa cheusi mkononi. Mara ya tatu sikuiona kwa sababu nilitolewa nje. Nilikaa karibu na rundo la makuti ambayo hayajashonwa, nikamwomba Mungu amfukuze yule ndege, nikatazama juu kila mara kama ataonekana.

Baba alifika alasiri imekwisha kuingia, na buti zake za kazi zina udongo, Halati nyuma yake anahema. Alisikia maneno yote ya Nyanya, akasema, "Sawa, mama," kwa heshima yote, kisha akaingia chumbani akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa Mama. Mama alimshika koti. Baba alimbandua vidole kimoja kimoja akatoka karibu mbio.

Yaliyotokea zahanati nilisimuliwa tu. Nesi hakupoteza wakati. Alimtazama, akamdunga sindano, akaita mwenziwe. Mwenziwe hakuwahi kufika kitandani. Baba alirudi kabla ya magharibi, amemfunika mtoto kwa lile koti lake la hoteli. Alipita katikati ya watu wote uani, akampa Mama.

Mama alisema neno moja tu. "Mwaona?"

Na kweli tuliona. Nguo ililala nje, mtoto akapatwa. Akafukizwa, akatulia. Akadungwa, akafa. Hakuna hata mmoja pale uani aliyehitaji ushahidi zaidi ya huo, wala mimi.

Mtaa wetu ulikuwa na mtoto mpya wa kutolea mfano.

Kifo cha mtoto hubeba watu wengi. Posa ya Mtongwe iliondolewa kwa maneno mazuri, kwamba kijana amepata safari. Hapakuwa na safari. Akina mama waliojifungua Timbwani wakawa wakimwona Halati anakuja, wanamfunika mtoto leso, si kwa chuki, kwa hofu tu, na yeye akajifunza kupita upande wa pili wa njia. Nyanya alisema mchuma janga hula na wa kwao, akalisema mbele yake. Baadaye Halati akahamia Shika Adabu kwa jamaa, na huko akaolewa na mzee mmoja aliyefiwa na mke, mwenye watoto wakubwa. Alikuwa mume mzuri, kwa maneno yake mwenyewe. Hawakujaliwa mtoto.

Na Baba. Baba hakuwahi kugombezwa waziwazi, kwa kuwa alikuwa mwanamume na ni yeye aliyeweka chakula mezani. Lakini alilijua lile "mwaona" lilimlenga nani. Siku moja, nimeshakuwa mkubwa, tulikuwa tunapalilia, akasimama na jembe akasema bila kunitazama, "Laiti siku ile ningechelewa." Nikajua ni siku ipi. Nikasema, "Ni mipango ya Mungu, Baba," kwa sababu sikuwa na kingine, na akaendelea kupalilia. Alipougua yeye mwenyewe miaka mingi baadaye, daktari alipomchoma sindano alitoa machozi. Tulidhani inamuuma.

Alikufa nilipokuwa najiandaa kwenda chuo cha ualimu. Nautaja wakati huo kwa sababu ndio msiba wangu mkubwa katika hadithi hii. Angeishi kidogo tu zaidi.

Chuoni tulifundishwa malaria. Nilikuwa nimeshaisoma shuleni, mbu jike, vimelea, ini, damu, nimechora mishale yote nikapata alama zangu. Lakini mhadhiri wetu alikuwa mtu anayependa kueleza mambo polepole, na siku ile alieleza yanayompata mtoto mdogo. Alisema vimelea vikizidi, chembe za damu zilizovibeba hunata kwenye vijishipa vya ubongo na kuviziba. Mtoto hukakamaa, macho hupanda juu, mikono hutetemeka. Alisema mara nyingi mtetemo huo huisha wenyewe baada ya dakika chache, hata usipofanya kitu chochote. Niliandika. Kisha nikaacha kuandika.

Maana yake moshi haukumtuliza. Alitulia mwenyewe, na moshi ulikuwepo. Sisi tukaupa moshi sifa, na kwa sababu ya sifa hiyo tukasubiri.

Akaendelea. Alisema mbu akimwuma mtu, ugonjwa hauonekani kesho wala kesho kutwa. Vimelea hukaa kwanza katika ini, vinazaliana kimya kimya, na mara nyingi hupita wiki nzima au zaidi kabla homa haijaanza. Wanafunzi wenzangu waliinamia madaftari yao. Mimi nilikuwa Timbwani, nahesabu. Fulana ya manjano ililala nje, na homa ikaja kabla ya siku tatu. Basi usiku ule fulana inalowa umande nyuma ya choo, Bwana Mdogo alikuwa ameshaubeba ugonjwa ndani yake, na alikuwa nao alipolala mgongoni mwa Halati, na alipoivuta pua ya mgeni wa Mtongwe wote wakacheka. Nguo haikuwa na neno. Ingelala nje mwezi mzima isingekuwa na neno.

Na watoto wote wale waliokufa kwa sindano? Walipelekwa mwisho, baada ya moshi, baada ya vuo, baada ya mganga wa kwanza na wa pili. Sindano iliwakuta mlangoni wanatoka. Mtoto aliyewahishwa asubuhi akapona hakutolewa mfano, kwa sababu aliyepona ilisemwa hakuwa na wa juu, alikuwa na homa tu. Imani ile ilijilinda pande zote. Mtu mwerevu kabisa angeiamini, na Nyanya yangu alikuwa mwerevu.

Nilitoka darasani nikaenda kulia chooni. Nilimlilia Baba. Alibeba mauti ya mwanawe miaka yote ile, na kosa lake pekee ni kwamba alifanya kazi mbali na nyumbani. Alitamani angechelewa. Hakujua kuwa alikuwa amechelewa tayari.

Alibaki mtu mmoja wa kufunguliwa. Likizo ilipofika sikwenda nyumbani kwanza, nilikwenda Shika Adabu. Halati nilimkuta uani kwake anashona makuti, nywele zimeanza mvi, miguu ameinyosha vile vile.

"Shikamoo, halati."

"Marahaba, mwanangu. Mbona u mnyonge? Hujala?"

Niliketi chini nikamwambia. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikichanganya ini na ubongo, lakini nilihakikisha la nguo limeeleweka. Nilimwambia mbu alikuwa ameshamwuma siku nyingi kabla. Nilimwambia fulana haikuua mtu. Nilingojea alie, au asujudu, au anikumbatie. Nilikuwa nimejiandaa kwa vyote hivyo njia nzima.

Alimaliza kukunja ukuti aliokuwa nao mkononi.

"Najua," akasema.

"Wajua tangu lini?"

"Tangu zamani. Hapa jirani palikuwa na mtoto, mamake alikuwa ameenda sokoni. Akakakamaa mbele yangu kama Bwana Mdogo. Sikumngoja mtu. Nilimbeba mbio mpaka hospitali, nikawaambia mdungeni. Wakamdunga." Akakata uzi kwa meno. "Sasa anakwenda shule. Kila asubuhi hupita hapa kunisalimu. Niliwauliza madaktari wale, mwanangu. Niliuliza kila kitu. La nguo pia nililiuliza, wakanicheka."

Nilihisi hasira, sijui juu ya nani. "Na mbona hukusema? Watu wamekutenga miaka yote hii. Mbona hukumwambia Mama?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba si wewe!"

Hapo ndipo aliponitazama. Halati ana macho ya Mama, makubwa, ila ya kwake hayaendi huku na huku.

"Haya. Nimwambie si mimi. Kisha ataniuliza, kama si nguo, ni nini? Nitamwambia, ni malaria, dada. Ataniuliza, malaria si ina dawa? Nitamwambia, ina dawa. Na akishafika hapo, Mwanaidi, hatahitaji mtu wa kumwambia linalofuata. Atakumbuka mwenyewe. Atakumbuka Mama Kevin mlangoni. Atanikumbuka mimi nimepiga magoti."

Niliokota ukuti mmoja nikaushika tu.

"Mimi nilisahau nguo," akasema. "Nguo watu husahau. Kulibeba hilo naweza. Yeye atabeba vipi lake?"

Kuku walikuwa wakiparua karibu na miguu yetu. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba huenda hata asubuhi ile asingepona, wapo watoto ambao huwahishwa na bado hufa. Ni kweli, na ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu. Halati akasema, "Huenda," kisha akaniuliza tena kama nimekula.

Miaka mingi imepita. Nafundisha Changamwe, nakaa Magongo, na kila mwaka mada ya malaria ikifika yuko mtoto wa nyuma anayenyoosha mkono kuniuliza kuhusu ndege. Siwachekeshi wenzake. Nawaambia wazee wetu walikuwa na macho: waliona kuwa balaa huanza kiza kinapoingia, waliona kuwa huja na mvua, waliona kuwa humchagua mtoto mdogo. Yote hayo ni sahihi. Walimkosa mdudu tu, kwa kuwa ni mdogo na kila mtu amemzoea. Kisha nawaambia kwa sauti ya ukali ambayo hawaielewi, kwamba mtoto akikakamaa hangojwi mtu, abebwe hapo hapo. Kuna mwanafunzi mmoja aliwahi kumbeba mdogo wake baada ya somo hilo. Aliniletea habari akitabasamu, nikamsifu, nikaenda kukaa peke yangu katika chumba cha walimu.

Lakini kwa Mama sijalifikisha somo hilo. Nilijaribu mara moja, Nyanya ameshafariki, tuko wawili tunachambua mchicha. Nilianza tu, "Mama, ile fulana ya Bwana Mdogo," akaninyamazisha kwa mkono. "Usimseme halati yako," akasema. "Mimi nshamsamehe."

Na ni kweli amemsamehe. Anamsamehe kila Idi. Halati huja kutoka Shika Adabu asubuhi, amevaa vizuri, na kabla ya chakula humwinamia dada yake akambusu mkono. Mama humshika kichwa akasema mbele yetu sote, machozi yakimtoka, "Nshakusamehe, Mwanamisi. Mungu naye akusamehe." Na Halati hujibu, "Amina, dada. Ahsante." Mama baada ya hapo huwa mchangamfu siku nzima, hula vizuri, hunikumbusha chumvi. Amekuwa mzee mdogo, mikono inatetemeka. Halati husema kuwa usiku wa Idi dada yake hulala usingizi mzuri.

Idi iliyopita nilikuwa nimeketi baina yao. Maneno yaliposemwa nilimtazama Halati nikitafuta angalau alama ya uchungu, kidole kilichokazwa, chochote. Sikuona. Aliinuka akaanza kupakua pilau, nyama nzuri akaweka sahani ya Mama. Mama akanigeukia, bado anafuta macho kwa ncha ya leso.

"Nawe, mwalimu, siku hizi wawafundisha nini watoto wa watu?"

Wiki ile nilikuwa nimemaliza malaria. Nilisema, "Maua, Mama. Sehemu za ua."

"Babako angefurahi," akasema.

Mara nyingi nimejiuliza kama ninamtendea haki yeyote kati yao kwa kunyamaza hivi. Kazi yangu ni kusema yaliyo kweli, na mshahara nalipwa kwa hilo. Baba alikufa na hatia isiyo yake kwa sababu hakuna aliyejua. Halati atakufa nayo ingawa tunajua, mimi na yeye, na tunakula sahani moja na Mama huku tunajua. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili baya zaidi. Najua tu kwamba Mama akiniuliza tena, nitasema maua.